Usalama Njiani: Pima Freni za Kinga Mbele ya Kuondoka



Katika mgodi, dereva anatakiwa kupima freni za mashine mbele ya kuanza zamu. Lakini zamu ikiisha, wengi wanapanda kinga na kushika njia ya Katuba, Ruashi au Kipushi bila kutazama kitu. Baba akianguka barabarani, taabu inafika nyumbani sawasawa na ile ya mgodini.

Fahamu jambo hili. Ukienda kilometa 20 kwa saa, unapita mita 5 na nusu kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kukamata freni, umekwisha kupita urefu wa gari dogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara nne. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi hiyo inaongezeka mara mbili. Wengi wanaoleta makala Lubumbashi hutembea kwa miguu na kusukuma kinga yenye mifuko.

VIPIRA VYA FRENI

1. Tazama mifereji ya kipira. Ikiwa imefutika, badilisha vipira vyote viwili vya gurudumu hilo. Usingoje chuma kitokee, kwani chuma kinakula janti wala hakisimamishi vizuri.

2. Kipira kiguse janti peke yake. Kikigusa mpira wa gurudumu, kitaukata mpaka upasuke.

3. Kamata freni kwa nguvu. Mkono wa freni ukifika kwenye usukani, kaza waya. Waya uliokatika nyuzi hata chache, ubadilishe.

4. Toa mawe madogo na vipande vya chuma vilivyoingia katika kipira.

5. Pangusa janti kwa kitambaa safi. Usiiguse kwa mikono yenye grisi ya kazi, wala usitie mafuta hapo ili kuzuia kelele. Mafuta yanaondoa nguvu ya freni.

6. Wakati wa mvua, janti ya chuma iliyolowa inateleza sana. Punguza mwendo mapema, na kamata freni kidogo kidogo mbele ya mteremko ili maji yatoke.

Kipande cha kandambili au mpira wa gari si dawa. Mguu juu ya gurudumu vilevile si freni.

AMORTISA YA NYUMA

Siku hizi sokoni kuna kinga zenye resori chini ya kiti, na vijana wanazipenda. Mbele ya kununua, ujiulize: itabeba nini? Kwa mfuko wa unga au wa makala, chagua kinga yenye fremu ngumu, isiyo na resori. Resori inazama chini ya mzigo, kinga inayumba, na chuma cha kubebea mizigo kilichofungwa kwenye mlingoti wa kiti tu kinaweza kuvunjika.

Ukitaka ya kupandia peke yake, ikalie. Amortisa ishuke kama robo moja ya mwendo wake, isifike mwisho. Shuka: irudi taratibu, isirukeruke. Ikivuja mafuta, au buloni zake zikicheza, usiinunue. Na amortisa nzuri namna gani haiwezi kushika nafasi ya freni: inapunguza mtikisiko tu, haisimamishi kitu.

Mama, nawe tazama kinga ya mtoto asubuhi mbele ya shule. Mtoto haoni hatari, anaona mwendo tu.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Vipira vyetu vina mifereji bado? Waya ni mzima? Nani atapima kesho asubuhi?

Kupima kunachukua dakika mbili. Sukuma kinga, kamata freni ya mbele, kisha ya nyuma. Gurudumu lisiposimama, usipande: tembea mpaka kwa fundi. Kuchelewa kufika ni afadhali kuliko kutofika.