KODI MAINA YA SABA: NI HUZUNI AU FURAHA?

Kodi ninayotaka kuzungumzia si ile ya nyumba! Katika muziki, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Wengi wetu tumefunzwa kwamba kodi meja ni ya furaha na maina ni ya huzuni, basi. Lakini iko moja inayokataa kugawanywa hivyo, nayo ni maina ya saba.

Ati haisomeki kwa sababu shule haina piano? La hasha! Midomo minne inatosha. Mimi na wenzangu watatu huijaribu wakati wa chakula cha mchana. Wa kwanza anaimba LA ya chini, wa pili DO, wa tatu MI na wa nne SO, kisha wote wanashikilia.

Tuihesabu kwa nusu toni. LA hadi DO ni 3, DO hadi MI ni 4, MI hadi SO ni 3. Kumbuka 3-4-3, hutapotea. RE-FA-LA-DO na MI-SO-TI-RE pia zina hesabu hiyo. FA-LA-DO-MI je? Hiyo ni 4-3-4, kwa hivyo haimo.

Sasa tazama ajabu. Mnyamazishe wa nne: LA-DO-MI ni maina, kilio kitupu. Mrudishe, kisha umnyamazishe wa kwanza: DO-MI-SO ni meja, furaha. Kumbe wote wawili wanaishi nyumba moja! Mwenye kuamua ni sauti ya chini. Besi ikishika LA, tunasikia huzuni iliyotulizwa. Ikishika DO, sauti ni zile zile nne, lakini jina linageuka kuwa DO ya sita, na huzuni inapungua.

Wapiga gita, kwenu ni rahisi: shikeni A maina, kisha inueni kidole kilicho kwenye uzi wa tatu. Naye Miles Davis wa Marekani alirekodi "So What" mwaka 1959 juu ya kodi mbili tu za aina hii, wala si wimbo wa kilio.

Katika kwaya, mwenye SO huweza kuambiwa anaharibu wimbo, manake SO na LA ni majirani na hugongana kidogo. Tafadhali, walimu na wanakwaya, msimnyamazishe! Akiondoka, huzuni inabaki peke yake.

Haya, tafuteni wenzenu watatu mjaribu.