Kipindupindu: Tazama Kikombe Kinachoingia Ndooni

Ukisikia kipindupindu kimeingia mtaani, anza na ndoo ya maji ya kunywa. Wengi wetu huchemsha maji vizuri, tukayapoza, tukayamimina kwenye ndoo yenye mdomo mpana. Kisha mtoto anatoka kucheza, anachovya kikombe, na vidole vyake vinazama mpaka kwenye viungo. Basi, kazi yote ya mkaa imepotea. Na mtoto mwenyewe huenda haumwi: wengi wanaopata vimelea vya kipindupindu hawaharishi kabisa, lakini choo chao hubeba ugonjwa kwa siku kadhaa. Kumkwepa mgonjwa peke yake hakutoshi.

Maji yaliyochemka yaweke kwenye dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo ya kifuniko na koki. Ukikosa, tafuta kata ya mpini mrefu, itundikwe ukutani, na achote mtu mmoja aliyenawa kwa sabuni. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Maji ya tope yachuje kwanza, maana tope hupunguza nguvu ya dawa. Barafu ya juisi za barabarani nayo ni maji.

Choo kikiwa cheupe kama maji yaliyooshea mchele, usingoje kuche. Mtu aliyekuwa na nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Mpeleke kituo cha afya huku anakunywa ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Pakiti zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usikadirie kwa kiganja. Chumvi ikizidi inadhuru. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Ugonjwa huu husafiri na watu. Mwaka 1869 ulifuata misafara kutoka bara hadi Pangani, ukavuka bahari hadi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa huko, aliifuatilia njia hiyo katika kitabu chake cha 1876. Leo husafiri kwa basi, na mara nyingi huenea msibani. Najua inauma kuambiwa usimwoshe ndugu yako aliyekufa kwa kipindupindu, lakini waachie wahudumu wa afya. Aliyelazimika kugusa maiti asipike wala asipakue chakula cha matanga.