Usiombe Kitabu, Eleza Shida Yako

Mtu mzima akifika kwenye meza ya mkutubi, mara nyingi huomba kitu kikubwa kuliko anachokihitaji. "Naomba vitabu vya sheria." "Mna vitabu vya kilimo?" "Nataka kusoma mambo ya biashara." Mkutubi mzoefu hakimbilii rafuni papo hapo. Anajua kwamba ombi la kwanza ni hodi tu, mwenye shida bado yuko nje ya mlango. Kwa hiyo huanza kwa kumkaribisha aseme, na mazungumzo huenda namna hii:

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba kitabu cha sheria."

"Vipo, mama, tena vingi. Ni sheria ya nini hasa? Ardhi, ndoa, kazi?"

"Ya ardhi."

"Unataka kununua, au kuna eneo lenu tayari?"

"Shamba la marehemu mume wangu. Shemeji zangu wanasema si langu, nirudi kwetu."

Kumbe shida si ardhi peke yake, ni mirathi. Katika Tanzania Bara mirathi huendeshwa kwa njia tatu: sheria za kimila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoachwa na wakoloni na ambayo bado inatumika. Ipi inamhusu mama huyu, mkutubi hawezi kuamua. Hilo ni la mahakama. Anachoweza ni kumwekea mezani maandishi yanayoeleza njia zote tatu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na maelezo ya namna ya kufungua shauri la mirathi. Kisha atamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Angepewa "kitabu cha sheria" kama alivyoomba, mama angerudi nyumbani na mamia ya kurasa za Kiingereza na shida yake ile ile.

Hayo maswali mawili matatu ya upole ndiyo moyo wa kazi ya mkutubi wa watu wazima. Mengine yote, yaani mihuri, kadi na rafu, yapo ili yayatumikie.

Katika maktaba kubwa huduma hugawanywa: kuna sehemu ya watoto, sehemu ya watu wazima, na sehemu ya rejea yenye vitabu visivyotoka nje. Katika maktaba ndogo za mikoa na wilaya mtu mmoja anaweza kushika zote tatu na bado akapanga magazeti asubuhi. Tanzania Bara huduma hizi ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa Sheria Namba 6 ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1967, na wakutubi wengi hupitia chuo cha bodi hiyo kilichoko Bagamoyo. Zanzibar ina huduma yake. Kenya ilitunga sheria ya huduma ya maktaba ya taifa mwaka 1965, lakini Katiba ya 2010 iliziweka maktaba katika orodha ya majukumu ya kaunti. Basi Mkenya mwenye lalamiko kuhusu maktaba ya mji wake aanzie kaunti.

Watu wengi huamini kwamba maktaba ni ya wanafunzi, na ukiingia ukumbini huwezi kuwalaumu. Miezi ya kuelekea mitihani ya kidato cha nne, viti vyote vimejaa vijana wenye madaftari yao wenyewe, wala hawajagusa kitabu hata kimoja cha maktaba. Hawana kosa, nyumbani hakuna meza wala utulivu. Lakini mtu mzima akichungulia na kuona hivyo, hugeuka akaenda zake. Asigeuke. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, maktaba za vijijini zilifuata kwa sababu moja ya wazi: mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, akikosa cha kusoma, husahau. Mtu mzima hakuja maktaba kama mgeni wa wanafunzi. Kama viti vimejaa, nenda moja kwa moja kwenye meza ya mkutubi, eleza shida yako, azima kitabu ukakisomee kwako.

Kabla hujaenda, fikiria mambo machache ambayo atakuuliza hata kama hukuyatarajia. Habari hiyo unaitaka ya kufanyia nini? Lini? Unasoma Kiswahili tu, au na Kiingereza pia? Umeshasoma nini juu ya jambo hilo? Mfugaji anayesema "kuku wangu mia wa mayai wamepunguza kutaga tangu wiki iliyopita" atasaidiwa haraka kuliko anayesema "nataka ufugaji". Usione haya kutaja shida ndogo. Wala usijaribu kuuliza kisomi. Mkutubi hapimi Kiswahili chako.

Ukipenda kujitafutia mwenyewe, jifunze namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu. Maktaba zetu nyingi hutumia mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Sheria zimo 340, tiba 610, uendeshaji wa biashara 658, mapishi 641.5. Kuku wako 636.5 na nyuki 638.1. Ukishaijua namba ya jambo lako, itakufaa katika maktaba yoyote inayofuata mpango huo, iwe Mwanza, Mombasa au London.

Mpango wenyewe, hata hivyo, una upendeleo wa aliyeutunga. Katika fungu la dini, namba kuanzia 220 hadi 280 na kitu zimetengewa Ukristo, ilhali Uislamu wote umebanwa 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima; ya Kiswahili iko 896.392, baada ya nukta, kwenye kona ya lugha nyinginezo. Wakutubi wanalijua hilo na wengi huweka riwaya na mashairi ya Kiswahili kwenye rafu ya peke yake karibu na mlango. Wanafanya vyema.

Kazi nyingine ya mkutubi ambayo msomaji haioni, na akiiona hukasirika, ni kuondoa vitabu. Kamusi ya zamani inaweza kukaa. Riwaya nzuri haizeeki. Lakini kitabu cha kodi kina umri mfupi kama gazeti: kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha mwezi Juni, na mabadiliko yake huanza tarehe 1 Julai. Mfanyabiashara akifuata viwango vya miaka mitatu iliyopita ataingia matatani huku akidhani amesoma. Kitabu cha UKIMWI kilichoandikwa kabla ya dawa za kufubaza virusi kuwafikia watu wetu kitamkatisha tamaa mtu ambaye leo anaweza kuishi maisha marefu. Kwa hiyo tazama mwaka wa kuchapishwa, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, kabla hujaamini chochote cha afya, sheria, kodi au kompyuta. Na ukitaka kuchangia maktaba, uliza kwanza wanahitaji nini. Katoni la vitabu vilivyopitwa na wakati ni mzigo kwa mkutubi, ingawa adabu itamfanya ashukuru.

Siku hizi sehemu kubwa ya majibu haimo kitabuni. Mkutubi anaweza kukuonyesha jinsi ya kutafuta sheria na hukumu bila malipo kwenye tovuti ya TanzLII, au kwenye tovuti ya Kenya Law kama uko Kenya. Anayetafuta kazi serikalini Tanzania hupitia Ajira Portal, na kuna watu wazima wenye vyeti vizuri ambao hukwama kwa sababu tu hawajui kupakia nakala ya cheti. Muulize mkutubi. Anayerudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, au anayejiandaa kwa Mtihani wa Maarifa ambao wengi huuita QT, aulize muhtasari wa masomo na mitihani ya miaka iliyopita. Hizo ndizo karatasi zinazoombwa sana. Mkutubi hatakujazia fomu ya maombi na kuweka sahihi badala yako. Atakaa kando yako mpaka uweze, na hapo subira yake itapimwa kweli kweli.

Ukitumia kompyuta ya maktaba, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka, na usiache wasifu wako wa kazi au picha ya kitambulisho kwenye mashine. Baada yako atakaa mtu mwingine.

Yanayokuleta ni siri yako. Mtu anauliza habari za talaka, madeni, ugonjwa wa zinaa au mtoto anayetumia dawa za kulevya, na mji wenyewe ni mdogo, mkutubi ni jirani au mnasali pamoja. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa mwaka 2012 kanuni za maadili zinazotaka wakutubi waheshimu faragha ya msomaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ya kwake mwaka 2019. Kwa hiyo huna haja ya kusema "ni kwa ajili ya rafiki yangu". Ukiona aibu, mwombe mkutubi msogee pembeni. Ni ombi la kawaida.

Kuna mipaka ambayo mkutubi mwema hataivuka hata ukimbembeleza. Hatakuambia unywe dawa kiasi gani, hatakuambia kama utashinda kesi, hatakuchagulia chama wala dini. Ukisukuma sana, atakutajia daktari, wakili, msaidizi wa kisheria au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Anayejibu kila kitu kwa kichwa chake bila kukuonyesha chanzo, mtilie shaka.

Wasioona na wenye uoni hafifu nao wana haki yao hapa. Kenya na Tanzania zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaofungua njia ya kutengeneza nakala za nukta nundu, za maandishi makubwa au za sauti bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Vifaa bado haviko kila mahali, na maktaba ya mkoa inaweza kukosa hata kitabu kimoja cha nukta nundu. Ulizia hata hivyo, maana mkutubi anaweza kuomba kutoka maktaba nyingine.

Kuhusu uanachama, masharti hutofautiana. Kusomea ndani ni rahisi zaidi. Kuazima kwa kawaida hutaka fomu, picha, mdhamini anayejulikana, na mara nyingine ada. Piga simu au pita uulize kabla ya kusafiri na karatasi pungufu. Ukipoteza kitabu, rudi useme. Mkutubi amekwisha sikia habari za mvua, panya na watoto wenye kalamu, na fidia ni nafuu kuliko kukimbia maktaba maisha yako yote.

Mwisho, kitabu usichokikuta kiombe kwa maandishi. Mkutubi wa watu wazima ndiye anayependekeza nini kinunuliwe, na akienda kutetea orodha yake bila maombi ya wasomaji, hana cha kuonyesha. Fedha zitaelekea kwenye vitabu vya mitihani kama kila mara. Mwaka wa fedha Tanzania na Kenya huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Andika ombi lako mapema: jambo unalotaka kulijua, lugha unayosoma, jina la kitabu na mwandishi kama unavijua, na namba yako ya simu.