KUVUA UTU WA KALE: KWA NINI NI VIGUMU KUBADILIKA?



Somo letu ni barua ya Mtume Paulo kwa Waroma, sura ya 7, mistari 14 mpaka 25. Lisomeni polepole nyumbani, pamoja na watoto.

Paulo anaeleza pale jambo ambalo kila mmoja wetu analijua: anapenda mema, lakini anajikuta akitenda mabaya anayoyachukia. Angalieni vizuri, anayesema hivyo si mpagani, ni mtume. Basi yule anayefundisha kwamba Mkristo wa kweli hasikii tena vita ndani yake, anajifanya mkubwa kuliko Paulo.

Tuchukue mfano wa pombe, maana inaharibu nyumba nyingi katika miji yetu ya Katanga. Kanisa letu linakataza pombe na tumbako, na amri hizo tunazijua tangu utoto. Lakini kujua amri siyo kuwa huru. Ndugu anaungama dhambi zake, analia, anaahidi mbele ya mchungaji kwamba hatagusa tena lutuku. Juma moja anashinda. Siku ya mshahara anapita njia ile ile, mbele ya nyumba ile ile, na marafiki wale wale wanamwita. Usiku mama wa watoto anahesabu franka zilizobaki, hazitoshi kununua unga. Jumapili baba haonekani kanisani. Hakumchukia Mungu, anaona haya. Na haya hiyo inamrudisha kwenye chupa.

Alikosa wapi? Aliondoa kitu asiweke kingine mahali pake. Yesu alifundisha juu ya nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu (Matayo 12:43-45): pepo mmoja alitoka, wakarudi wanane. Paulo naye, akiwaandikia Waefeso (4:28), hamwambii mwizi aache kuiba tu, anamtuma afanye kazi kwa mikono yake apate kumsaidia mhitaji. Mkono uliokuwa ukichukua unajifunza kutoa. Na Zakayo alipobadilika aliingia mara moja katika hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yake iligusa mfuko.

Ndiyo maana tunasema Mapendo, Amri, Kazi. Wengi wetu tunarukia neno la katikati, tukisahau lile la kwanza na lile la mwisho.

Tukumbuke pia Papa Simon Kimbangu. Mwito wa Mungu ulimfikia mwaka 1918, naye aliukimbia, akaenda mpaka Kinshasa kutafuta kazi. Ni tarehe 6 Aprili 1921 ndipo alipoanza kazi ya Mungu kwa kuponya mgonjwa karibu na Nkamba. Ilipita miaka mitatu! Mtu huyo huyo alivumilia kifungo cha miaka 30, mpaka alipokufa hapa Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Kwa nini basi tunamkatia tamaa ndugu yetu baada ya miezi miwili?

Hapa kuna neno zito kwa kanisa lote. Katika Yoane 11, Lazaro alitoka kaburini akiwa mzima, lakini mikono na miguu yake ilikuwa bado imefungwa vitambaa. Yesu aliyemfufua hakumfungua mwenyewe. Aliwaagiza watu waliosimama pale. Sisi, tukiona vitambaa, tunasengenya: eti huyu hakufufuka.

Basi siku ya mshahara, papa mmoja wa parokia aende kumngoja ndugu huyo kwenye mlango wa kazi, warudi pamoja kwa njia nyingine, pesa zifike kwanza mkononi mwa mama. Saa alizozoea kunywa apewe kazi: koro, flamba, au matofali ya kanisa. Akianguka, asingoje Jumapili. Aje jioni ile ile, hata akiwa ananuka pombe, na afunguliwe mlango.