Fundisho: Ebola na Hatari ya Kukawia

Ndugu, wengine husema, "Mwenye Ebola akienda hospitali, anakwenda kufa tu." Sikilizeni.

Tangu Novemba 2018 hata Agosti 2019, waganga wa hospitali walijaribu dawa nne katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mbili zilishinda nyingine. Moja ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Tena waliona neno hili: katika kila wagonjwa 100 waliofika siku moja baada ya kuanza kuugua, 19 walikufa. Katika kila 100 waliokawia kupita siku 5, walikufa 47.

Basi, homa ikimshika mtu wakati wa Ebola, msimfiche, wala msimguse kwa mikono mitupu. Waiteni watu wa hospitali siku ile ile.

Ulizo: Kwenu, nani angefichwa?