Ukosoaji na Tuhuma ya Ubaguzi



Katika mji wa mpakani kama Tunduma, swali la "huyu ni wa wapi?" halikosi kuulizwa. Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga. Wengine wakabaki upande wa Tanganyika, wengine upande ambao leo ni Zambia, na kutoka Tunduma hadi Nakonde mtu huvuka kwa miguu. Tena barabara kuu na reli ya TAZARA zimewaleta watu kutoka kila pembe. Basi mtu akisimama mkutanoni kulalamikia ushuru, si ajabu akajibiwa kwamba yeye si mwenyeji. Naye akisema kuwa wageni wameshika maduka yote, atajibiwa kwamba ni mbaguzi. Majibu yote mawili hukata mazungumzo, na ushuru hubaki pale pale.

Je, ni lini tuhuma ya ubaguzi huwa ya haki, na ni lini huwa njia ya kumziba mtu mdomo? Ili tupate kulielewa jambo hili, na tulitazame Bunge la Tanganyika mwezi wa Oktoba 1961, wakati Uhuru ulipokuwa umekaribia.

Muswada uliokuwa mezani ulihusu uraia. Ulisema kwamba mtu aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmoja naye amezaliwa nchini, angekuwa raia tangu siku ya Uhuru, akiwa Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Wabunge kadhaa wa TANU yenyewe waliupinga, wakitaka uraia huo ufuate asili ya mtu. Miongoni mwao walikuwamo Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, na John Mwakangale wa Nyanda za Juu Kusini, jimbo lililokuwa na sehemu hizi ambazo tangu mwaka 2016 huitwa Mkoa wa Songwe. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa ukali mwingi, akawafananisha na wafuasi wa Hitler, na akasema kwamba serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Muswada ukapita.

Tuhuma yake ilikuwa ya haki? Kuhusu pendekezo lenyewe, naam. Sheria inayompa mtu haki au kumnyima kwa sababu ya rangi yake ni ubaguzi, hata wanaoitaka wakiwa ndio waliodhulumiwa jana. Lakini machungu ya wabunge wale hayakuwa ya uongo. Chini ya Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi, na hospitali vivyo hivyo, na fungu la Mwafrika lilikuwa la mwisho. Aliyeuliza ni lini mizani hiyo ingesawazishwa aliuliza swali halali, na kulipata swali halali ndani ya pendekezo baya si sababu ya kulitupa.

Yaliyofuata yanastahili kuzingatiwa sana. Zuberi Mtemvu alikuwa ameiacha TANU mwaka 1958, baada ya mkutano wa Tabora kuikubali kura tatu, akaunda chama cha African National Congress kwa wito wa Afrika kwa Waafrika peke yao. Mwaka 1962 aligombea urais. Alipata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978. Wananchi, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma, walikwisha toa hukumu yao kwa karatasi za kura, na sioni ni hukumu gani nyingine iliyohitajiwa. Hata hivyo, mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kushtakiwa. Tumbo aliyeunda chama chake cha upinzani aliwekwa kizuizini mwaka 1964, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Kwa maoni yangu, lile swali la nani anamiliki nini halikufa. Lilikosa tu mahali pa kusemwa kwa adabu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 lilirudi likiwa limevaa tusi, na Mchungaji Christopher Mtikila akawashambulia Wahindi majukwaani kwa jina la "magabacholi".

Silaha ya asili hushikwa na upande wa pili pia. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyeikosoa serikali waziwazi na aliyewahi kuwa mbunge, alitangaziwa kwamba si raia. Baadaye alipewa uraia. Lakini watu wengi waliona kwamba aliyejibiwa hapo alikuwa mkosoaji, wala si hoja zake.

Seyidna Abu Dharr r.a. aliwahi kumtukana mtu kwa ajili ya asili ya mama yake. Mtume Mtukufu s.a.w. alimkemea, akamwambia kwamba bado alikuwa na ujahili ndani yake, naye akajirekebisha. Miaka mingi baadaye, Abu Dharr huyo huyo ndiye aliyewalaumu hadharani wenye kulimbika mali katika Sham, mpaka watawala wakaona uzito. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba maneno yake juu ya mali yalibatilika kwa sababu ya kosa lile la zamani. Alikemewa penye kosa, na penye haki maneno yake yanasomwa hata leo.

Basi, msomaji mpendwa, ukiwa mkutanoni na mtu akalalamika, liondoe kabila la anayelalamikiwa, kisha utazame kinachobaki. Kikibaki kibali kilichonunuliwa, mizani ya uongo, au ushuru usio na stakabadhi, hayo yana ushahidi wake na yana ofisi ya kupelekwa. Mwenyekiti ayaandike, hata kama msemaji ametumia maneno machafu, na maneno hayo akatazwe palepale. Kisipobaki chochote ila kabila, aambiwe hivyo mbele ya watu, kisha aulizwe kama ana jambo jingine.