Bonsai imeamka, usiku bado una baridi

*Naishi Minneapolis, Marekani. Bonsai yangu ya mepo ya Kijapani imekaa gereji isiyo na hita tangu Novemba. Sasa ni Aprili, matumba yameanza kuvimba, ila vitawi vingine vinaonekana vikavu. Je, inakufa? Niitoe nje lini?*
*Msomaji*

Jibu: Ondoa shaka, matumba yanayovimba ni dalili kwamba mti u hai. Mepo huhitaji kulala wakati wa baridi, na gereji imeikinga mizizi, ambayo ndani ya chungu huganda upesi kuliko ardhini.

Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha. Ukiona kijani, kiache. Kikiwa kahawia na kinakatika kwa urahisi, kipunguze.

Mchana itoe nje, kivulini pasipo upepo. Joto la usiku likitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, irudishe gereji, kwani majani machanga huungua kwa jalidi. Iongezee jua la asubuhi polepole kwa wiki mbili. Mwagilia maji pindi udongo wa juu unapoanza kukauka. Mbolea isubiri majani yakomae.

Shina lenyewe likiwa kahawia chini ya gome, au mizizi ikinuka uozo, ipeleke haraka kwenye kitalu chenye mjuzi wa bonsai.